Kutajwa Redioni

Baba hakuwa akila chakula cha mchana mpaka vifo viwe vimesomwa. Redio yetu ilikaa juu ya kabati la vyombo, na msomaji alipoanza na "Inna lillahi" nyumba nzima ilinyamaza. Hata mama, huko jikoni, aliacha kukwangua sufuria. Nani kafa, wapi, ni baba wa nani, ni shangazi wa nani, maziko saa ngapi. Sisi watu wa Unguja tunazikana upesi, na simu za mkononi zilipoenea nilidhani tangazo la redio limefika mwisho wake. Halikufika. Mtu anaweza kupigiwa simu na ukoo mzima na bado akasubiri lisomwe, maana simu inamwambia kwamba fulani kafa, lakini redio ndiyo inayowaambia watu nani ni wake.

Maneno hayo niliyaandika kwanza kwenye kazi yangu ya chuo. Mwalimu aliyapigia mstari na kuandika pembeni kwamba amependezwa. Wakati huo nami nilipendezwa na nafsi yangu.

Nilikwishapita umri wa kukaa darasani nikinyoosha kidole. Nasomesha historia skuli ya sekondari, na wakubwa walikuwa wamenieleza kwa upole, ule upole wa kumfungia mtu mlango, kwamba bila ya cheti cha juu ya digrii nisitarajie kusogea. Ndipo nilipojiandikisha kwenye masomo ya jioni ya chuo kimoja hapa mjini. Jina la cheti lilikuwa refu kuliko masomo yenyewe: Cheti cha Uzamili katika Taaluma za Kimataifa na za Maeneo. Kaka yangu, mwenye duka la vitambaa Darajani, aliniuliza kama ndiyo hao wanaogawa viwanja. Akacheka peke yake.

Tulisomea ghorofani, kwenye jumba kongwe la Mji Mkongwe lenye feni moja iliyompepea mwalimu tu. Mwalimu alikuwa mwanamke wa bara, mkali kama mimi, na kwa hilo tulielewana. Alitufundisha kwamba dunia ilikatwa maeneo na watu waliokuwa wamekaa mbali nayo: hapa Afrika Mashariki, pale Mashariki ya Kati, huku Bahari ya Hindi, na kila chuo kikubwa kikajenga idara kwa kufuata mikato hiyo. Siku moja alifungua kitabu cha ramani akatuonyesha visiwa vyetu. Vilikuwa vimeangukia kwenye mkunjo, katikati ya kurasa mbili, palipotiwa gundi. Kila mmoja wetu alitakiwa kuchukua jambo la kila siku na kuonyesha kwa jambo hilo watu wenyewe wanajiona ni wa eneo gani. Mmoja alichukua mashabiki wa mpira. Mimi nikachukua matangazo ya vifo.

Niliyarekodi kwa simu wiki baada ya wiki na kuandika kila jina na kila mji. Nilikuwa na furaha isiyoendana na shughuli yenyewe. Bibi amefia Makunduchi, na hapo hapo anatajwa mwanawe aliyeko Dubai, nduguye wa Maskati, mpwa wake wa Mombasa, mkwewe wa Ngazija. Nikasema, eneo letu ndilo hili, na halimo kwenye ramani ya mtu yeyote. Niliyasoma hayo mbele ya darasa nimejaa kifua. Nilipomaliza, kijana mmoja aliyetoka nchi za baridi, mpole, mwenye Kiswahili safi kuliko cha wanafunzi wangu, aliuliza kwa nini karibu kila tangazo linamalizikia kwa "na wengineo". Hao wengineo ni nani?

Nikamjibu ni wale ambao muda haukutosha kuwataja. Akauliza anayeamua ni nani. Nikamwambia, familia. Akauliza, nani katika familia. Mwalimu alinitazama, akasema hiyo ndiyo kazi yenyewe, niende nikawatafute hao.

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nilijiambia ni hasira za mtu mzima aliyeulizwa na mtoto. Lakini hasira hasa ilikuwa kwamba mmoja wao nilikuwa namjua.

Baba alikuwa karani wa forodha, na katika ujana wake alipangiwa kazi Mkokotoni kwa miaka. Huko alimuoa mwanamke wa Tumbatu, ndoa ya siri, siri ya kina baba ambayo mji wote unaijua. Mama alijitia hamnazo. Akazaliwa mtoto wa kike, mdogo kwangu. Kwetu sisi, watu wenye majina ya Kiarabu yaliyosalia baada ya nyumba na mashamba kuondoka, jambo hilo halikusemwa kamwe. Siku alipofariki bibi, mzaa baba, binti huyo alikuja msibani peke yake. Mwanamke aliyekaa mlangoni akamuuliza, wewe wa nani? Akamtaja baba. Yule mwanamke akageuka kumtazama mama yangu, mama akainamia tasbihi yake. Binti akaonyeshwa uani, kwa wanaoosha vyombo. Aliosha masinia mpaka alasiri kisha akaondoka. Nilimuona vizuri, maana alikuwa na paji la uso la baba.

Kwa hiyo nilipokwenda Mkokotoni na maswali yangu yaliyopitishwa na chuo, nilikuwa najua nakwenda kwa nani. Nilimkuta sokoni, karibu na pwani wanapopandia mashua za Tumbatu, anakaanga samaki kwenye karai kubwa. Alinijua kabla sijatoa salamu. Alinipa kigoda, akanipa na samaki nisiyemtaka, nikamla wote. Nilimweleza habari za cheti, nikaweka simu yangu irekodi, nikamuuliza kama chuo kilivyotaka: wewe unaposikiliza matangazo ya vifo, unasikiliza nini?

Aligeuza samaki wake mmoja mmoja.

"Nnasikiliza kama babangu kafa," akasema. "Na nnasikiliza kama mie nimo."

Nikaizima simu. Hayo mengine aliniambia bila ya kurekodiwa, na kwa muda mrefu sikuyaandika popote. Alisema hataki urithi, hataki nyumba, hata kanzu ya baba haitaki. Anataka kuuona uso wake kabla haujafunikwa, kama mtoto yeyote anavyouona uso wa mzazi wake. Ila hasimami tena mlangoni kuulizwa yeye wa nani. Redio ikimtaja ni mwana wa baba, ataingia kama mwana, na atakayekaa mlangoni atakuwa keshasikia.

"Nikitajwa, nakuja hapo hapo. Nisipotajwa siji, dada, na usinibembeleze kwa simu."

Nikamwahidi atatajwa. Niliahidi kwa wepesi, kama mtu aliyeagizwa chumvi dukani.

Baba alianza kuugua mwaka huo huo, figo, na redio ikahamishiwa chumbani kwake. Nilingoja siku ambayo mama amekwenda kwa jirani, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nikamuuliza wazi: baba, siku hiyo ikifika, mwanao wa Mkokotoni atajwe? Aliyatazama maboriti ya dari. Nilidhani atalia, nikawa tayari kulia naye.

"Hayo ni ya mtakaobaki," akasema.

Nilimpenda baba yangu, Mungu amrehemu, na nasema hapa kwamba ule ulikuwa woga. Neno moja tu lilitakiwa, na alikuwa na pumzi ya kulitoa. Alichagua kutuachia sisi, tuvutane juu ya maiti yake.

Alifariki asubuhi, siku ya skuli, mimi nimo darasani. Nilipofika nyumbani Mkunazini wanaume walikwisha jaa barazani na kaka yangu yuko katikati yao. Maziko yalipangwa baada ya sala ya alasiri, kwa hiyo tangazo lilitakiwa lisomwe mchana, pamoja na vifo vya siku hiyo. Nilimpigia ndugu yangu wa Mkokotoni. Nikasikia mafuta yakichemka nyuma yake, kisha akasema maneno tunayoyasema sote. Halafu akasema, "Haya. Nakaa na redio." Akakata.

Kwetu mwanamke hajitokezi barazani penye wanaume wa msiba, kwa hiyo nilisimama kwenye ngazi nikamtuma mtu amwite kaka. Alipanda akiwa na kalamu mkononi. Nilipomwambia ninachotaka alinitazama kana kwamba nimemletea deni. Akasema, leo? Mama hajamaliza hata kulia, unataka tumtangazie ukewenza mbele ya Unguja nzima? Nikasema ni mtoto wa baba. Akasema anajua ni mtoto wa baba, hakuna asiyejua, ndiyo maana hapana haja ya kutangaza. Mwishowe akasema mama akiridhia ataandika.

Nikapanda juu. Mama alikuwa ameketi chini kwenye chumba cha nyuma, amezungukwa na wanawake, na mkubwa wao alikuwa akimweleza masharti ya ukizuka: asijitie manukato, asitoke ila kwa dharura, avae nini na asivae nini, mpaka eda iishe. Mama wa watu anaitikia naam, naam, kama mwanafunzi. Kila nilipotaka kumsogelea aliingia mwengine, akamwangukia shingoni, akalia. Mtu hawezi kumwondoa mwenye kutoa pole. Nilikaa pale nimeuma meno, natazama saa, nikiwachukia wanawake walionilea.

Ilipopatikana nafasi niliinama sikioni mwa mama, nikasema kwa maneno machache kuliko yote niliyowahi kutumia.

"Mtajeni," akasema, na hakunong'ona. "Kwani mlidhani sijui?"

Nilishuka ngazi karibu nianguke. Kaka aliponiona uso tu akajua jibu, na mimi nilipouona wake nikajua langu. Tangazo lilikwisha kwenda. Wakati nangoja juu, binamu yetu alikuwa ameliandika, akalipiga picha na kulituma kwa simu huko redioni, kwa kuwa muda ulikuwa unakwenda na hapana aliyemwambia asubiri. Kaka hakuwa na ubaya katika hilo, na hilo ndilo lililonikera zaidi, kwamba sikupata wa kumlaumu. Alipiga simu mbele yangu kuomba liongezwe jina. Wakamjibu ya mchana yamefungwa, waletewe jipya litasomwa jioni.

Nikasema basi maziko yasogezwe mpaka kesho. Kaka akarudi barazani. Sijui nilitarajia nini. Watu wetu hawamlazi maiti ndani kwa sababu ya jina.

Likasomwa. Tulilisikia kutoka madirisha ya jirani yote kwa pamoja, sauti ile ile iliyomtangazia baba vifo vya wenziwe maisha yake yote. Tukatajwa sisi watoto, kaka kwanza, kisha mimi. Akatajwa ami yetu wa Maskati ambaye hajakanyaga Unguja tangu sijazaliwa. Wakatajwa binamu wa Dubai na shangazi wa Mombasa, na wengineo wengi, popote walipo habari ziwafikie. Kwa kazi yangu ya chuo usingepata mfano ulionyooka kuliko ule.

Hapo hapo nilimpigia ndugu yangu. Simu yake imezimwa. Kuta za nyumba zetu zile ni nene na mtandao haushiki ndani, kwa hiyo nilipanda hadi juu ya paa, penye kamba za nguo, nikapiga tena na tena. Nilitafuta namba ya mtu mwengine yeyote wa Mkokotoni. Nilimpata mwalimu niliyesoma naye, nikamwomba akimbie sokoni, amwambie mama kasema aje, mama mwenyewe kasema, achukue gari nitalipa mimi. Akaenda. Baada ya muda akanirudia, akasema karai limefunikwa na mwenyewe hayupo, watu wanadhani kavuka Tumbatu kwao mama yake. Nikamwomba atafute mashua. Akaniuliza taratibu kama maziko si saa kumi.

Nilisikia nikiitwa chini. Nilijibu nakuja. Niliitwa tena, nikajibu nakuja, bado nimebana simu sikioni namwelekeza yule mwalimu nyumba ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuiona. Walikuwa wakiitwa wanawake wa nyumbani, waje wamuage baba. Niliposhuka sanda ilikwisha fungwa kichwani na wanaume walikuwa ndani, wamemweka kwenye jeneza, wanajadiliana namna ya kulipitisha kwenye ile ngazi nyembamba. Mtu hawezi kusema pale, fungueni. Niliegemea ukuta wakapita naye, "La ilaha illallah" ikashuka ngazi, ikatoka mlangoni, ikapotea kwenye vichochoro kuelekea msikitini.

Jioni tangazo la pili likasomwa. Kaka aliliandika mwenyewe na hakubana neno. Alimweka ndugu yetu baada yangu tu, kwa jina lake na la baba, wa Mkokotoni, na hapakuwa na mtu wa wengineo katika mstari ule. Msomaji akaongeza kwamba maziko yameshafanyika.

Kazi niliiwasilisha baadaye na matangazo yote mawili yamo, bila ya kusema marehemu ni nani wangu. Nilifaulu vizuri sana. Mwalimu aliandika kwamba sehemu ya mwisho ina ukali ambao hakuutegemea. Kijana wa nchi za baridi, ambaye alikuwa amesikia habari kwa watu, alinipa mkono wa taazia bila ya kuuliza chochote, na nikamshukuru kwa hilo. Sasa mimi ni mwenye cheti cha taaluma za maeneo, na wakubwa wamenisogeza kidogo kama walivyoahidi.

Ndugu yangu wa Mkokotoni alikuja siku ya hitima, baba aliposomewa Kurani. Aliyekaa mlangoni hakumuuliza kitu, alimwamkua na kumpa pole ya baba yake. Akapita, akakaa mwisho wa jamvi, nami nikaondoka kwa wenzangu nikaenda kukaa naye. Nilijaribu kumweleza ya binamu na ya simu na ya wanawake waliokuwa wakimlilia mama. Akanizuia. Alisema la mchana alilisikia mpaka mwisho, akaizima redio, akavuka kwa mamake. La jioni hakulisikia. Asubuhi aliporudi Mkokotoni alishangaa soko zima linampa pole, watu ambao maisha yao yote hawakumuuliza babake ni nani. Wavuvi walimkataza kuwasha moto siku ile. Hakusema kama alifurahi.

Hitima ikasomwa, chai ikapita. Alishika kikombe chake kwa mikono miwili.

"Uso wake ulikuwaje?" akaniuliza.

Nilitamani niwe mwongo. Ningeweza kumwambia ulikuwa umetulia, ndivyo watu wanavyoambiana.

"Sikumuona," nikamwambia. "Nilikuwa juu ya paa nakutafuta."

Alinitazama, macho yakamjaa, akakiweka kikombe chini. Tulikaa hivyo, mabinti wawili wa mtu mmoja. Pazia la chumba cha nyuma lilikuwa nusu wazi. Mama, katika nguo zake za kizuka, alikuwa amesikia. Akatuita tuingie.

Ndugu yangu alipiga magoti mlangoni. "Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba. Sogea," mama akasema.

Akatueleza. Alisema uso ulikuwa umekonda lakini ni wake, ndevu zimechanwa vizuri, na mdomo ulikuwa umebaki wazi kidogo upande wa kushoto, akaufunga yeye mwenyewe kwa kidole. Alisema kwenye paji la uso palikuwa na baridi lakini nyuma ya sikio bado pana joto, kwa hiyo mkono wake aliuweka hapo. Alimweleza yule binti, si mimi. Hakumkosesha hata unywele. Alipomaliza ndugu yangu alikuwa akilia kimya, na mama akamwacha alie mpaka alipojifuta kwa ncha ya mtandio.

Kisha mama akanyoosha kanga magotini mwake, akaikunja, akainyoosha tena.

"Akija kwenu," akauliza, "alikuwa akicheka?"

Binti aliinamisha kichwa. Mama nami tulijua kwamba hakutaka kujibu na kwamba hataweza kumdanganya.

"Akicheka sana, Bi mkubwa. Mpaka anatoka machozi."

Mama akatikisa kichwa polepole. Mimi nilikuwa nimekwisha anza kutafuta moyoni siku moja, moja tu, niliyomuona baba akicheka hivyo ndani ya nyumba yetu. Nilimtazama mama. Naye alikuwa akitafuta.